Hifadhi ya Farasi-Mwitu ya Black Hills: Historia ya Malisho, Sheria na Wajibu

Hifadhi ya Farasi-Mwitu ya Black Hills ni taasisi ya hisani iliyoasisiwa mwaka 1988 kando ya mto Cheyenne, karibu na mji mdogo wa Hot Springs, katika pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la South Dakota nchini Marekani. Lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuwapa maisha ya uhuru farasi ambao serikali ilikuwa imewaondoa kwenye malisho ya umma na ambao, kwa sababu ya uzee, umbo lisilopendeza au ukali wa tabia, hawakupata mtu wa kuwachukua. Hifadhi ya aina hii haifanani na hifadhi ya taifa kama Serengeti, ambayo ni mali ya dola na hulinda wanyama wa kila jinsi pamoja na mazingira yao yote; hii ni ardhi ya shirika lisilogawana faida, imezungushiwa uzio, inalea mnyama wa aina moja, na huendeshwa kwa michango, viingilio vya wageni na kazi ya mikono ya watu wachache.

Makala haya yanaeleza chimbuko la taasisi hiyo, maisha ya wanyama na watu ndani yake, na nafasi yake katika mjadala mrefu kuhusu farasi-mwitu wa Marekani. Hoja inayoyaongoza ni kwamba hifadhi hii ilifaulu katika jambo moja kubwa, yaani kuthibitisha kuwa farasi asiyemfanyia binadamu kazi yoyote anaweza kupewa nafasi ya kuishi na kufa kwa heshima. Lakini historia yake inaonyesha pia kuwa kuokoa mnyama ni ahadi ya miongo mingi, inayotimizwa kwa nyasi, maji na fedha kila siku, na kwamba huruma ya watu binafsi haiwezi kubeba peke yake mzigo uliozaliwa na sera ya ardhi ya taifa zima.

Farasi katika bara la Amerika

Ukoo wa farasi ulianzia Amerika Kaskazini takriban miaka milioni 55 iliyopita, na mabaki yaliyochimbuliwa ardhini yanaonyesha jinsi mnyama mdogo mwenye vidole kadhaa alivyobadilika hatua kwa hatua hadi kuwa mkimbiaji mwenye ukwato mmoja katika kila mguu. Baadhi ya farasi hao walivuka kwenda Asia wakati mabara hayo mawili yalipokuwa yameungana kwa nchi kavu, wakaenea Ulaya na Afrika, ilhali wale waliobaki Amerika walitoweka takriban miaka 10,000 iliyopita. Farasi walirudi wakiwa ndani ya majahazi ya Wahispania: Christopher Columbus aliwaleta katika visiwa vya Karibi kwenye safari yake ya pili mwaka 1493, Hernán Cortés aliwashusha katika pwani ya Meksiko mwaka 1519, na mwaka 1598 Juan de Oñate aliongoza msafara wa walowezi na mifugo yao hadi nchi inayoitwa leo New Mexico.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliamini kuwa wenyeji wa nyanda za kati walipata farasi baada ya uasi wa Wapueblo wa mwaka 1680, ambao uliwafukuza Wahispania na kuacha mifugo yao mikononi mwa wenyeji. Uchunguzi wa mifupa na vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kuwa farasi walikuwa wamekwisha kuenea kwa wenyeji hao katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, kwa njia za biashara zilizokuwa nje ya macho ya Wazungu. Miongoni mwa Walakota, ambao nchi yao ndiyo yenye vilima vya Black Hills, farasi alibadilisha uwindaji, uhamaji, vita na ibada, akawa kipimo cha utajiri na zawadi ya heshima kati ya koo.

Farasi waliotoroka au kuachwa na wenyewe walizaliana porini, na ndio wanaoitwa mustangi. Kwa lugha ya wanabiolojia, mustangi ni mnyama aliyerudi porini, maana yake ni kwamba mababu zake walifugwa ingawa yeye mwenyewe hajapata kutiwa hatamu. Na damu yake ni mchanganyiko, kwa kuwa farasi wa Kihispania walichangamana baadaye na farasi wa jeshi, wa mashamba na wa magari ya abiria. Suala la kama mnyama huyu ahesabiwe kuwa mwenyeji aliyerejea kwao au mgeni aliyeachiliwa limegawanya wataalamu hadi leo, na jibu la kila upande lina uzito, kwa sababu ndilo linaloamua ni nani apewe kipaumbele cha nyasi na maji katika nchi kame ya magharibi.

Kutoka kuwindwa hadi kulindwa kisheria

Mwanzoni mwa karne ya 20 mustangi walikamatwa kwa maelfu. Wengine walisafirishwa kwenda kwenye Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini na baadaye kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na magari yalipochukua nafasi ya farasi katika usafiri na kilimo, waliosalia wakageuzwa nyama ya kulishia kuku, mbwa na paka. Ndege na malori vilitumika kuwakimbiza hadi waishiwe nguvu, na visima vya jangwani vilitiwa sumu.

Aliyesimama kupinga ukatili huo ni Velma Johnston, karani wa ofisi katika jimbo la Nevada, ambaye mwaka 1950 aliliona barabarani lori lililokuwa likidondosha damu, akalifuata, na kukuta limesheheni farasi waliojeruhiwa wakipelekwa kuchinjwa. Kampeni aliyoianza ilizaa sheria ya mwaka 1959 iliyopiga marufuku kuwinda farasi-mwitu kwa vyombo vya moto na kutia sumu maji yao katika ardhi ya umma. Sheria hiyo haikutosha, kwani haikuweka mamlaka yoyote ya kuwasimamia wanyama hao. Kwa hiyo kampeni iliendelea, watoto wa shule wakaandika barua nyingi kwa wabunge, na tarehe 15 Desemba 1971 Rais Richard Nixon akatia saini sheria ya kulinda farasi na punda wanaotembea huru, baada ya Kongresi kuipitisha bila kura ya kupinga.

Sheria ya mwaka 1971 ilikabidhi wanyama hao kwa taasisi mbili za serikali, na sehemu kubwa iliangukia Idara ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo ndiyo inayotunza malisho ya umma katika majimbo ya magharibi na kuyakodisha pia kwa wafugaji wa ng'ombe na kondoo. Makadirio ya wakati huo yalikuwa farasi na punda wapatao 25,000. Walipolindwa waliongezeka upesi, kwa kuwa kundi lenye afya linaweza kukua kwa asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka. Idara ikaruhusiwa mwaka 1976 kutumia helikopta kuwaswaga, ikawakusanya kwenye mazizi na kuwagawa kwa wananchi kwa mpango wa malezi, ambapo mtu hulipa ada ndogo, humtunza farasi kwa mwaka mmoja, kisha hupewa hati ya umiliki.

Mpango huo ulikuwa na ufa mkubwa. Kati ya mwaka 1984 na 1988 serikali ilisamehe ada na kugawa farasi wapatao 20,000 kwa makundi makubwa, na wengi wao, mara hati zilipotoka, waliishia machinjioni. Wakati huohuo maelfu ya farasi wazee, vilema au wakali walibaki mazizini mwaka baada ya mwaka, wakilishwa kwa gharama ya serikali, wamesimama katika vumbi bila nafasi ya kukimbia. Sheria ilikuwa imewaokoa na risasi, lakini haikuwa imesema waishi wapi.

Mwasisi na malezi yake

Pengo hilo ndilo lililomsukuma Dayton O. Hyde, mfugaji na mwandishi wa vitabu kutoka jimbo la Oregon. Hyde alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Michigan, na akiwa na umri wa miaka 13 alihamia kwa mjomba wake, mwenye ranchi ya Yamsi kusini mwa Oregon, ambako alijifunza kazi ya ng'ombe na farasi kutoka kwa wachungaji wa kale, miongoni mwao wenyeji wa kabila la Klamath. Alitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasoma Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akashiriki mashindano ya kupanda farasi wakali, kisha akairithi kazi ya kuiendesha ranchi.

Kabla ya kujulikana kwa farasi, Hyde alikuwa amejitokeza kama mfugaji wa aina ya pekee, aliyeamini kuwa shamba la mifugo linaweza kuwa pia makao ya wanyamapori. Alichimba ziwa katika ardhi yake kwa ajili ya ndege na samaki, akawaacha mbweha wa nyanda, ambao majirani zake waliwaua kwa sumu na mitego, waishi shambani mwake, na akaandika juu yao katika kitabu Don Coyote kilichotoka mwaka 1986. Kabla ya hapo, mwaka 1968, alikuwa ametoa kitabu kuhusu korongo aliyemlea nyumbani. Aliunda pia shirika la wamiliki wa ardhi waliojitolea kuacha sehemu ya mashamba yao kwa ajili ya viumbe wa porini. Msimamo wake ulikuwa kwamba uhifadhi hauwezi kuachiwa serikali pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya mito, vinamasi na malisho bora iko mikononi mwa watu binafsi.

Alipowaona mustangi waliorundikwa katika mazizi ya serikali, Hyde alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, umri ambao wafugaji wengi hukabidhi kazi kwa watoto wao. Aliiacha ranchi ya Oregon mikononi mwa familia yake na kwenda kutafuta ardhi ambayo farasi hao wangeweza kuishi bila kukamatwa tena.

Kuasisiwa na miaka ya majaribio

Mwaka 1988 Hyde aliunda shirika lililoitwa Taasisi ya Malisho na Mustangi wa Marekani, akapata ardhi ya eka zipatazo 11,000 kando ya mto Cheyenne, yenye makorongo ya mawe, misonobari na nyanda za nyasi, na kufikia makubaliano na Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya kupokea farasi wasiogawika. Jina la taasisi linaeleza falsafa yake, kwani malisho yametajwa kabla ya farasi: aliyeipanga alijua kuwa ardhi ikichoka, huruma yote juu ya mnyama hugeuka kuwa njaa.

Mkataba huo ulikuwa jaribio jipya katika sera ya Marekani. Serikali ilikubali kulipia matunzo ya kila farasi kwa siku kwa miaka michache ya mwanzo tu, kwa matarajio kwamba baadaye hifadhi ingejitegemea kwa watalii na wafadhili. Hesabu hiyo ilikuwa na matumaini makubwa kuliko hali halisi. Farasi huishi miaka 20 na kuendelea, wageni huja miezi michache ya kiangazi, na mji wa Hot Springs uko mbali na miji mikubwa. Kwa hiyo gharama zilikuwa za mwaka mzima na mapato yalikuwa ya msimu. Wakaguzi wa hesabu za serikali walionyesha shaka mapema, mwaka 1990, juu ya uwezo wa hifadhi kama hizo kujitegemea kwa muda uliowekwa. Serikali haikuendelea kuujenga mfumo wake juu ya hifadhi za hisani, bali iligeukia baadaye mikataba ya malipo na wafugaji wakubwa wa nyanda za kati, ambao hulipwa kwa kila farasi wanayemtunza.

Hifadhi ya Black Hills ilibaki kwa sababu waendeshaji wake walikubali kuishi kwa uchache. Kiongozi aliyeshikilia usimamizi wa kila siku kwa miaka mingi pamoja na Hyde ni Susan Watt, na chini yao taasisi ilijenga vyanzo vingi vidogo vya mapato badala ya kimoja kikubwa: ziara za kuongozwa kwa magari ya wageni, ufadhili wa farasi mmoja mmoja, ambapo mfadhili hutoa fedha za kumlisha farasi anayebaki hifadhini, mauzo ya baadhi ya watoto wa farasi kwa watu waliokubalika kuwatunza, na ada za wapigaji filamu. Mandhari ya filamu ya televisheni kuhusu Crazy Horse, shujaa wa Walakota, iliyotoka mwaka 1996, ilijengwa ndani ya ardhi hiyo, na masalia yake yakawa sehemu ya ziara.

Nchi na maisha ya farasi

Ardhi ya hifadhi ina sura tatu zinazosaidiana. Kuna bonde la mto, ambako maji hupatikana na miti huzuia upepo. Kuna makorongo yenye kuta za mawe, ambayo huwapa farasi kinga wakati wa dhoruba. Na kuna nyanda za juu zenye nyasi fupi, ambazo hata zikikauka na kuwa rangi ya hudhurungi hubaki na lishe ndani yake. Mawe yana faida nyingine isiyoonekana kwa mgeni, kwani husugua kwato na kuzifupisha, kazi ambayo kwa farasi wa zizini hufanywa na fundi wa kwato kila baada ya wiki chache.

Jamii ya mustangi ina mpangilio wake. Kitengo chake ni familia ya dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao, na familia hiyo hudumu kwa miaka ikiwa dume ataweza kuwazuia wapinzani. Jike mwenye umri na uzoefu mara nyingi ndiye anayetangulia kwenda majini au kwenye malisho, huku dume akibaki nyuma au ubavuni kuchunga usalama. Madume vijana hufukuzwa wanapokaribia utu uzima, nao huunda makundi yao ya makapera, wakipimana nguvu kwa michezo na mapigano mafupi hadi mmoja apate uwezo wa kuchukua majike. Ndani ya hifadhi utaratibu huu umehifadhiwa kwa sehemu tu, kwa kuwa farasi wengi waliotoka serikalini walikuja wakiwa wamehasiwa, na idadi ya madume wanaozalisha huwekewa mpaka ili kundi lisizidi uwezo wa nyasi.

Pamoja na mustangi wa kawaida, hifadhi imetunza makundi ya damu adimu, wakiwemo farasi wenye asili ya Kihispania, ambao ni wafupi, wenye kifua chembamba na stahamala kubwa, na farasi wa Wachoktaw, kabila lililohamishwa kwa nguvu kutoka kusini-mashariki mwa Marekani katika miaka ya 1830 na kusafiri na wanyama wake kuelekea magharibi. Kutunza damu hizi ni kazi ya kisayansi na ya kihistoria kwa wakati mmoja, kwa sababu kundi dogo likizaliana bila mpango hupoteza nguvu, na likitoweka hupotea pamoja nalo ushahidi hai wa safari za watu waliokuwa nalo.

Jambo lililoitofautisha hifadhi na ranchi za jirani ni kwamba farasi wake hawakufunzwa kazi. Hakuna aliyekusudia kuwapanda, kuwakimbiza kwenye mashindano au kuwavalisha lijamu kwa ajili ya picha. Wageni huwaona wakiwa ndani ya magari, na farasi wenyewe ndio huamua wakae karibu au wakimbie. Kwa mujibu wa fikra ya mwasisi, mnyama aliyekwisha kukimbizwa na helikopta, kutenganishwa na familia yake na kufungiwa zizini kwa miaka, anadaiwa na binadamu jambo moja, nalo ni kuachwa apumzike.

Kazi za mwaka

Mwaka wa hifadhi huanza na baridi. Katika nyanda za South Dakota joto hushuka mara kwa mara hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, theluji hufunika malisho, na maji ya mabwawa huganda. Mustangi huota manyoya mazito na hujua kuparua theluji kwa kwato ili kufikia nyasi, lakini majira yakiwa makali lazima walishwe majani makavu. Farasi huhitaji kwa siku chakula kikavu cha takriban asilimia mbili ya uzito wake, yaani kilo 8 hivi kwa mustangi wa kilo 400. Kwa hiyo kundi la farasi 500 hula tani nne kila siku, na wiki sita za theluji nzito hudai tani zaidi ya 160. Majani hayo yasiponunuliwa kabla ya baridi, bei hupanda na barabara hufungwa, na ndiyo maana bajeti ya hifadhi yoyote ya farasi ni, kwa sehemu kubwa, bajeti ya majani makavu.

Majira ya kuchipua ni msimu wa uzazi. Farasi hubeba mimba kwa miezi 11 hivi, na watoto wengi huzaliwa kati ya Aprili na Juni, nyasi zinapoanza kutoka na maziwa ya mama yanapokuwa mengi. Mtoto husimama ndani ya saa moja au mbili na kwa muda mfupi anaweza kumfuata mama yake mbio. Wafanyakazi hutazama kwa mbali, kwani jike wa porini akibughudhiwa anaweza kumhamisha mtoto kabla hajapata nguvu. Katika majira haya pia hukaguliwa nyaya za uzio zilizokatwa na theluji au na paa waliopita, na mabwawa huzibuliwa.

Kiangazi huleta wageni, na pamoja nao mapato na moto. Ukame ndio adui mkubwa wa nyanda hizi, kwa kuwa nyasi zilizokauka huwaka kwa radi moja, na mwaka wa mvua haba humaanisha malisho kidogo leo na majani ghali kesho. Vuli ni wakati wa kuhesabu: watoto walioachishwa kunyonya hutenganishwa ikiwa watauzwa, wazee huangaliwa meno na unene, na uamuzi hufanywa kuhusu malisho gani yapumzishwe. Farasi ambaye meno yake yamekwisha hawezi kusaga nyasi ngumu za baridi, na moja ya kazi nzito kwa watunzaji ni kuamua, wakishauriana na daktari wa mifugo, ni lini kumlaza mnyama asiamke tena huwa rehema kuliko kumwacha akonde.

Ardhi, wenyeji na maji

Historia ya taasisi hii haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi iliyo chini yake. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwatambua Walakota na jamaa zao kuwa wenye vilima vya Black Hills, lakini dhahabu ilipotangazwa baada ya msafara wa kijeshi wa mwaka 1874, wachimbaji walifurika, na mwaka 1877 Kongresi ikaichukua ardhi hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikiri mwaka 1980 kuwa Walakota wanastahili fidia kwa unyang'anyi huo. Wao wamekataa kuipokea, wakisema kuwa wanachodai ni nchi yao. Hifadhi haikuweza kutatua dhuluma ya ukubwa huo, lakini ilifungua milango yake kwa Ngoma ya Jua, ibada ya kiangazi ya kufunga, kusali na kucheza ambayo serikali ya Marekani iliwahi kuipiga marufuku, na imelinda michoro ya kale iliyochongwa na wenyeji katika kuta za makorongo yake.

Mapambano mengine yalihusu maji. Mwaka 2009 kampuni moja iliomba leseni ya kuchimba urani magharibi mwa vilima, karibu na mji wa Edgemont, kwa njia ya kusukuma maji yenye kemikali chini ya ardhi ili yayeyushe madini na kuyapandisha juu kwa mabomba. Hyde alikuwa miongoni mwa watu waliowasilisha pingamizi katika shauri la leseni hiyo, upande mmoja na Walakota wa Oglala, kwa hofu kwamba maji ya chini na mto Cheyenne yangeharibika. Leseni ilitolewa mwaka 2014, na kesi ziliendelea baada ya hapo. Shauri hilo lilidhihirisha ukweli ambao waasisi wa hifadhi nyingi huutambua wakiwa wamechelewa, kwamba uzio huzuia farasi asitoke lakini hauzuii madhara yasiingie.

Baada ya mwasisi

Filamu ya maisha ya Hyde ilitoka mwaka 2013, na mwenyewe alifariki Desemba 2018 akiwa na umri wa miaka 93, baada ya kuishi hifadhini kwa takriban miaka 30. Taasisi nyingi za hisani hufa pamoja na mwasisi wake, kwa sababu wafadhili humfuata mtu kuliko kazi. Hii imeendelea kulisha farasi na kupokea wageni, na huo ndio ushahidi wa kwanza wa uimara wake.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka vizuri ukilinganishwa na yaliyotokea mwaka 2016 katika hifadhi nyingine ya farasi ndani ya jimbo hilohilo, ambako fedha za chakula zilikwisha, farasi zaidi ya 800 wakakondeana, na mamlaka za jimbo na wilaya zikalazimika kuingilia kati ili walishwe na kutafutiwa makao mengine. Nia njema haikuwa imepungua mahali pale. Kilichopungua ni uwiano kati ya idadi ya wanyama, ukubwa wa malisho na mapato. Hifadhi inayopokea farasi kupita uwezo wake huwahamishia tu njaa kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Katika ngazi ya taifa, tatizo lililoizaa hifadhi halijaisha. Mwaka 2020 serikali ilikadiria kuwa farasi na punda wapatao 95,000 walikuwa porini, ilhali kiwango ambacho yenyewe ilisema ardhi inaweza kuhimili kilikuwa takriban 27,000. Zaidi ya wanyama 60,000 wanatunzwa mazizini na katika malisho ya mikataba, kwa gharama inayopita dola milioni 100 kwa mwaka. Watetezi wa farasi wanalalamika kuwa kiwango hicho kimewekwa chini mno na kwamba ng'ombe wa kukodi hupewa nyasi nyingi zaidi katika malisho yaleyale. Wafugaji na baadhi ya wanaikolojia wanajibu kuwa nyanda kame haziwezi kuvumilia mnyama asiye na mpaka. Kati ya pande hizo imo chanjo ya kuzuia mimba, iliyoanza kujaribiwa porini mwaka 1988, mwaka uleule wa kuasisiwa kwa hifadhi, na Jay Kirkpatrick katika kisiwa cha Assateague kwenye pwani ya mashariki, ambayo imethibitika kupunguza uzazi bila kuvunja familia za farasi. Chanjo hiyo inahitaji kurudiwa, na ni vigumu kuifikisha kwa makundi yaliyotawanyika jangwani, lakini inashambulia tatizo kwenye shina, ilhali zizi na hifadhi hupokea matokeo yake.

Mafanikio ya hifadhi ya Black Hills yapimwe basi kwa kipimo kinachostahili. Mamia ya farasi waliopita ndani ya uzio wake ni sehemu ndogo ya maelfu waliofungiwa, na hakuna mtu wa haki atakayedai kuwa taasisi moja yenye eka 11,000 hivi ingeweza kumaliza suala ambalo serikali yenye ardhi ya mamilioni ya eka imeshindwa kulimaliza kwa nusu karne. Kile ilichokifanya ni kuwaondoa wanyama hao katika hesabu ya faida na kuwaweka katika hesabu ya wajibu, ikaubeba wajibu huo kwa zaidi ya miongo mitatu, na ikaonyesha kwa vitendo kuwa mlinzi wa farasi ni kwanza mlinzi wa nyasi na maji. Yeyote anayekusudia kuanzisha hifadhi ya wanyama waliookolewa, popote awapo, na aanze pale alipoanzia Hyde, kwenye ardhi: aipime, ajue inalisha wangapi katika mwaka mbaya, atafute chakula cha baridi au cha kiangazi kabla ya kufungua lango, kisha ndipo ampokee mnyama wa kwanza.